Mnaoishi na kifafa au kumuuguza mwenye nacho, tupeane uzoefu

Kitasa
Wakuu, leo stendi kijana kaanguka, anakakamaa, povu linamtoka. Watu wametimua mbio, eti povu linaambukiza! Konda mmoja ndiye kamlaza ubavu na kumwekea sweta chini ya kichwa. Nimemkumbuka dada yangu. Wenye uzoefu karibuni.

Mama Tatu
Wangu hakuwa anaanguka, alikuwa anazubaa. Yuko anakula, mara kijiko kinagandia hewani, macho kodo, sekunde chache anaendelea kutafuna kama hakuna kilichotokea. Shuleni kachapwa sana kwa "kutosikiliza". Kipimo cha umeme wa ubongo ndicho kilichosema ni kifafa.

mtu_kati
Hiyo ya kuzubaa ipo kabisa.

Binti Ulanga
Mimi kwetu Mahenge, huko kifafa si cha kusimuliwa. Mama Mnorwei, daktari Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watoto wengine huanza kwa kichwa kudondoka-dondoka wakiona chakula. Watafiti wanakihusisha na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoletwa na nzi weusi wa kwenye mito.

Kaka yangu alikuwa ametulia kabisa na vidonge vya kifafa, fenobabito. Baba mdogo akaleta mganga, akasema vidonge vinagombana na mizizi yake, viachwe. Haikupita wiki. Usiku mvua inapiga, akashikwa, kabla hajazinduka akashikwa tena, na tena. Baba mdogo akamkaba taya na mpini wa mwiko "asijing'ate ulimi". Nilisikia jino likikatika, kah! Tukampakia bodaboda, kafungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva, mimi nyuma namshikilia shingo. Hospitali walimchoma diazepamu ndipo akalegea. Wiki nzima alikuwa ananiita jina la marehemu mama.

Mama Tatu
Uwiii. Pole mdogo wangu.

Mzee Kobe
Msidharau waganga. Mjukuu wangu alishikwa na dege, kasomewa, hajarudia mpaka leo.

Dokta Njaa
Alikuwa na homa, mzee?

Mzee Kobe
Ndiyo, ila hiyo haihusiani.

Dokta Njaa
Inahusiana sana. Degedege la homa watoto wengi huliacha wenyewe wakikua. Mganga kapokea kuku wa bure.

Mzee Kobe
Ulikuwepo? Heshima, kijana.

Kibanio
Mnusisheni kiberiti. Au soksi ya bodaboda, hata maiti inaamka 😂

Dokta Njaa
Usimnusishe wala kumnywesha kitu, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, tazama saa. Ikipita dakika 5, au akiunganisha, hospitali.

Kibanio
Sawa, ila kitimoto ndiyo chanzo, acheni.

Mpare Asilia
Kitimoto kibichi kinakupa tegu tumboni. Ile ya kwenye ubongo, inayoleta kifafa, unaipata kwa kumeza mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu: mikono michafu, kachumbari isiyooshwa. Hata shehe anaipata. Chimbeni vyoo.

Fundi Geti
Mimi nilianguka siku ya mahari. Nimekaa mkekani, mshenga anahesabu hela, nikaanza kuona taa zinacheza. Nilipozinduka suruali imelowa, wakwe wako nje wote na bahasha imerudi kwenye kapu letu.

mtu_kati
Weeee! Endelea mkuu, usituache hewani.

Kibanio
Na binti??

Fundi Geti
Ndiye aliyekuwa amenishika kichwa. Akamwambia baba yake alishaniona nikianguka mara nyingi na bado ananitaka. Tulifunga ndoa bomani, leo tuna wawili. Namshukuru Mungu na kabamazepini, sipitishi dozi.

Sada wa Pili
Dada zangu, mnaotumia valproeti, dawa ya kifafa, na mnataka mimba, muoneni daktari KWANZA, ina madhara kwa mtoto. Ila msiiache kienyeji, mtayaona ya kaka yake Binti Ulanga.

Mzee Kobe
Fundi, bahasha waliipokea baadaye?

Fundi Geti
Waliipokea mjukuu wa kwanza alipozaliwa, mzee. Na shangazi bado anadai mbuzi wake.