Dagaa, maharage, mayai au poda ya protini: kipi kinalipa kwa anayeanza mazoezi?

Kijana_wa_Tandale: Wakuu, habari za jioni. Nina kilo 70, nimeanza kubeba vyuma juzijuzi. Mwalimu wa gym ananikomalia ninunue kopo la poda ya protini, eti bila hiyo misuli haiji. Nyumbani tunakula ugali, maharage, dagaa, mayai siku mojamoja. Mama naye anasisitiza supu ya kongoro ili magoti yakaze. Kwa hela ileile, niende na kipi?

ChumaKizito: Poda, mkuu. Kipimo kimoja kina gramu 20 hadi 25 za protini, unakoroga na maji umemaliza. Kwa mayai unahitaji manne kufika hapo, maana yai moja lina kama gramu 6. Mimi natoka kazini usiku, sina muda wa kuwasha jiko.

BintiUkerewe: Kuchemsha mayai manne nako ni kazi? Haya, dagaa wakavu gramu 100 wana zaidi ya gramu 50 za protini, na unawatafuna na mifupa yao, kwa hiyo kalisi unaipata humohumo. Huyo mwalimu wa gym muulize kama siye anayeuza hayo makopo.

ChumaKizito: 😂 Swali zuri. Wa kwangu anauza kweli.

Maabara2: Mnalinganisha majina ya vyakula, wakati mwili hauyajui. Protini yoyote ukila, tumboni inakatwa na kimeng'enya kiitwacho pepsini, utumbo mwembamba unaendelea kuikata, na kinachoingia kwenye damu zaidi ni asidi amino. Ziko 20, na 9 kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula. Ni kama kubomoa ukuta ukatumia tofali kujengea kitu kingine.

Na kinachojengwa si misuli peke yake. Aktini na mayosini ndizo zinazokaza msuli unaponyanyua chuma, sawa. Lakini hemoglobini inayobeba oksijeni nayo ni protini. Kingamwili ni protini. Insulini ni protini ndogo yenye asidi amino 51. Vimeng'enya karibu vyote, hata hiyo pepsini inayokata protini! Kuna albumini inayotengenezwa na ini, husaidia kushikilia maji ndani ya mishipa ya damu. Ikishuka sana mtu anavimba miguu. Keratini ndiyo nywele na kucha.

Sasa kongoro. Ile supu inayoganda ikipoa ni kolajeni iliyochemka ikawa jelatini. Kweli kolajeni ndiyo inayoshikilia kano, ngozi na gegedu, ila ukiinywa inakatwakatwa kama nyingine, haina barabara yake ya kwenda gotini. Tena haina triptofani, mojawapo ya zile 9. Kunywa kwa utamu wake, kamulia ndimu (vitamini C inahitajika mwili unapojenga kolajeni), lakini usiifanye ndiyo protini yako ya siku.

Mzee_Kificho: Mbona tulifundishwa kwamba maharage ni protini pungufu? Huyu kijana atajenga nini na maharage?

Maabara2: Shikamoo mzee. Maharage yana lisini nyingi ila methionini kidogo, zote mbili zimo kwenye zile asidi amino 9. Mahindi ni kinyume chake, lisini ndiyo haba. Kwenye makande mahindi na maharage yanazibana mapengo, na si lazima ziwe sahani moja, siku moja inatosha. Tatizo la maharage ni wingi: yaliyopikwa gramu 100 yanatoa kama 9 tu, mengine ni maji na wanga.

Mzee_Kificho: Marahaba. Basi wahenga wa makande walikuwa na akili.

NyarKisumu: Huku kwetu ni omena na githeri, hesabu ni ileile. Niongeze soya: mbichi ina kizuizi cha tripsini, kimeng'enya kinachokata protini utumboni. Ichemshe au uikaange vizuri kabla ya kusaga, usije ukala protini usiyoweza kuimeng'enya.

Kijana_wa_Tandale: Asanteni. Kwa kilo zangu nahitaji kiasi gani?

Maabara2: Mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 0.8 kwa kilo, yaani 56 kwako. Anayebeba vyuma, 1.2 hadi 2, kwa hiyo 84 hadi 140. Gramu 50 za dagaa, mayai matatu, bakuli la maharage na ugali wako: unakaribia 84, ongeza maziwa. Ile poda yenyewe mara nyingi hutoka kwenye majimaji yanayobaki jibini likitengenezwa. Si mbaya, unalipia urahisi. Mwenye ugonjwa wa figo asianze lolote kati ya haya kabla ya kumwona daktari.

Kijana_wa_Tandale: Dagaa basi. Ila wa sokoni kwetu wana mchanga balaa.

BintiUkerewe: Hao wameanikwa chini. Ulizia walioanikwa kwenye chanja, bei inapanda kidogo. Toa vichwa, osha maji ya uvuguvugu mara mbili, kaanga na nyanya na pilipili hoho.