MREJESHO: Paroko na kwaya yetu, hatimaye tumekaa mezani

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Mimi ndo yule mwalimu wa kwaya wa huku Mbeya niliyeomba ushauri, paroko katukataza Utukufu wetu (ule wimbo wa Misa wa "Utukufu kwa Mungu juu"), tena akakataza kinanda Kwaresima nzima, nikataka kuacha. Juzi nikaenda kwake na mwenyekiti, mvua inapiga bati hadi hatusikilizani, Baba akatumiminia chai akafungua Misale (kitabu cha Misa) akatusomea maelekezo namba 53, kwamba maneno ya Utukufu hayabadilishwi, na kweli sisi tulishayapangua ili yakae kwenye mdundo, hapo nilinyamaza. Ila mwenyekiti akamwomba asome na 313, kumbe Kwaresima ala zinaruhusiwa kusindikiza uimbaji, kinachokatazwa ni kupiga ala bila kuimba, na hata hilo Dominika ya Laetare (ya nne ya Kwaresima), sherehe na sikukuu ni ruksa. Akarudia kusoma kidole kikiwa kwenye mstari, akasema "hapo nilizidisha". Jamani niliguswa sana. Nikamwambia pia iliniuma alivyotugombeza mbele ya waumini, akaomba radhi. Ijumaa anakuja mazoezini, Utukufu wa Pasaka tunaupanga upya, sauti ya tatu ndo bado inatusumbua.