Usiku wa Barabarani Unauzwa kwa Wastaafu wa Moshi Kama Usiku wa Hoteli

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Ninaandika kutoka Moshi nikiwa na hasira ambayo nimeisubiri ipoe na imekataa kupoa. Inahusu mawakala wa safari wanaowauzia wazee waliostaafu, mume na mke, mapumziko mafupi ya baharini, halafu siku walizolipia zikaliwa na barabara. Kampuni iliyotusafirisha sitaitaja kwa jina, kwanza kwa sababu dai letu bado halijajibiwa, na pili kwa sababu nimeongea na wastaafu wenzangu wa hapa na wa Arusha nikabaini kwamba mchezo huu unachezwa na wengi.

Biashara yenyewe wanaijua vizuri. Kijana wa mauzo aliyekuja kwenye mkutano wetu wa wastaafu alikuwa amejiandaa kuliko baadhi ya maofisa ninaowafahamu: alijua kwamba kikokotoo cha Julai 2022, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, kilitupa malipo ya mkupuo ya asilimia 33, alijua kwamba bajeti ya 2024/25 iliyapandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani wangepata 50, na alijua ni nani kati yetu ameshalipwa. "Serikali imewakumbuka, wazazi wangu, sasa na ninyi jikumbukeni," alisema, na watu wakapiga makofi. Kipeperushi alichogawa kilikuwa na picha ya mzee na bibi wameshikana mikono ufukweni, na maandishi makubwa: Unguja, siku nne, usiku tatu, wanandoa wastaafu, shilingi 650,000.

Siku ya kulipa ndipo tulipoelezwa kwamba 650,000 ni ya mtu mmoja anayelala chumba kimoja na mwenzake. Neno "wanandoa" lilikuwa pambo tu. Juu ya hapo ikaongezwa "bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44" kwa kila mmoja, yaani zaidi ya laki moja kwa kichwa. Naomba hili lisomwe polepole na kila Mtanzania anayejiandaa kwenda Unguja: bima hiyo iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 ni ya wageni wanaoingia kutoka nje ya nchi. Mtanzania mwenye kitambulisho chake haimhusu. Nilipouliza hati za bima zetu ziko wapi, niliambiwa ziko kwenye mfumo. Hadi leo hazijatoka kwenye mfumo huo, na tulichopewa mkononi ni kikaratasi cha stakabadhi kilichoandikwa kwa kalamu, bila risiti ya EFD, ile mashine ya kodi.

Sasa nije kwenye hizo usiku tatu, maana hapo ndipo penye jipu. Tuliondoka Moshi Alhamisi saa mbili usiku kwa basi. Mabasi ya usiku yaliporuhusiwa tena mwaka 2023 wengi tulifurahi, lakini mawakala hawa walifurahi zaidi, kwa kuwa walipata usiku wa kumuuzia mteja bila kuilipa hoteli hata senti. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Mke wangu ana goti linalovimba akikaa muda mrefu, na alikaa nalo hivyo kupita Same, Mombo, Korogwe na Chalinze, mguu ukiwa juu ya begi letu kwenye njia ya katikati, kila abiria anayekwenda kuomba dereva asimamishe gari akiuruka. Alfajiri tukawa Dar, asubuhi tukapanda boti, na kabla ya adhuhuri tukawa mapokezi ya hoteli huko Paje, ambako tuliambiwa kwa heshima zote kwamba chumba hakikabidhiwi kabla ya saa nane mchana. Wazee wa zaidi ya miaka sitini, ambao hawajalala, tukasubiri kwenye viti vya plastiki. Chumba kilipopatikana kilikuwa ghorofa ya pili, kwa ngazi. Fomu ya wakala ilikuwa na sehemu ya "mahitaji maalumu ya afya" na nilikuwa nimeandika goti la mke wangu kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo usiku wa kwanza ulikuwa wa basi, na siku ya kwanza ilikuwa ya safari. Jumapili, siku ya nne, tuliamshwa kabla ya adhana ya alfajiri ili tuiwahi boti, tukashinda barabarani tena hadi usiku. Ijumaa jioni tulilala kama magogo. Ikabaki Jumamosi, siku moja ya bahari katika siku nne zilizolipiwa, na hiyo nayo naomba mniruhusu niieleze, kwa sababu sijaona watu wa bara tukielezwa jambo hili mahali popote kabla ya kutoa fedha.

Upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Bwejuu, Paje hadi Jambiani, bahari ina kina kifupi ndani ya mwamba, na maji yakipwa yanarudi nyuma mamia ya mita. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupwa zaidi, na kwa Unguja maji kupwa ya bamvua huangukia mnamo saa nne asubuhi, kisha yanajaa mnamo saa kumi jioni. Hii si siri. Mvuvi yeyote anaijua, kina mama wanaolima mwani wanapanga kazi zao kwa kuifuata, na majedwali ya kupwa na kujaa huandaliwa mwaka mzima kabla. Jumamosi yetu ilikuwa ya bamvua. Saa nne asubuhi, muda uliopangwa kwenye ratiba kuwa wa "kuogelea na kupumzika ufukweni", bahari haikuwapo. Palikuwa na mchanga, madimbwi, fito za mashamba ya mwani na akina mama wamechutama wakivuna. Mke wangu alisimama na khanga yake mpya ya kuogea akamuuliza kijana wa hoteli maji yanarudi lini. "Saa kumi, mama, yatakuwa yamejaa mpaka hapa," akamwonyesha ngazi za baraza. Ila saa nane mchana basi dogo la wakala lilikuwa limeshafika kutupeleka Mji Mkongwe, kwa sababu ratiba ndivyo ilivyosema, na aliyeitunga ratiba hakuangalia maji. Bahari ilipojaa sisi tulikuwa Darajani tunaonyeshwa maduka. Mji Mkongwe ni mzuri na sina ugomvi nao, lakini ungeweza kutembelewa asubuhi.

Niliporudi nilikwenda ofisini kwao kudai angalau fedha ya usiku mmoja ambao hoteli haikututunza. Yule kijana wa mauzo alinisikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akasema: "Mzee wangu, kwani usiku ule ndani ya basi hamkulala?" Nimefundisha darasani maisha yangu yote ya kazi na nimejibiwa utovu wa adabu wa kila aina, lakini huo ulikuwa wa daraja lake.

Yapo mengine kutoka kwa wenzangu, ambayo nayataja kwa ufupi. Wapo waliopelekwa pwani Aprili na Mei, masika yakiwa yamekolea na baadhi ya hoteli zimefunga, kwa bei ileile ya Agosti. Na wapo waliouziwa "mapumziko ya nje ya nchi" huko Diani, Kenya, wazo ambalo kwa mtu wa Moshi lina akili kuliko linavyosikika, maana kupitia mpaka wa Holili, kisha Taveta na Voi, bahari ya Mombasa iko karibu zaidi na sisi kuliko ya Dar es Salaam, na barabara ni ya lami. Tatizo ni kwamba wakala wao aliwaambia kitambulisho cha taifa cha NIDA kinatosha. Hakitoshi. Utaratibu wa kuvuka kwa vitambulisho vya taifa ulioanza mwaka 2014 ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Mtanzania anahitaji pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, au hati ya muda ya safari, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano anaweza kuulizwa. Jirani zangu, mume na mke, waligeuziwa Holili na mabegi yao, na wakala akasema fedha hairudi kwa sababu "mteja ndiye aliyeshindwa kusafiri". Halafu hakuna aliyewaambia, hata kama wangevuka, kwamba kadi ya bima ya afya ya mstaafu haitibu ng'ambo ya mpaka.

Sipingi wazee kusafiri, na naomba vijana msije hapa kuniambia kwamba ningekaa nyumbani nichunge migomba. Tumefanya kazi miaka mingi, tuna haki ya kuiona bahari tukiwa bado na macho, na wapo wanaotoka hapa KIA kwa ndege na kufika Unguja kwa muda wa saa moja hivi, ambao mapumziko yao mafupi ni mapumziko kweli. Ninachodai ni kwamba anayeuza usiku tatu auze vitanda vitatu, aandike bei ya watu wawili pale anapoandika neno wanandoa, aandike saa ya kuondoka, saa ya kupokea chumba na saa za maji kujaa, na mzee aliyeandika kwamba hawezi ngazi apewe chumba cha chini au aambiwe mapema kwamba hakipo.

Kwa wanaopanga kulipa mwezi huu, ombeni kwanza kuona leseni ya biashara ya utalii, ile inayoitwa TALA, na msitoe fedha bila risiti ya EFD. Mimi nimeandika malalamiko yangu kwenda Tume ya Ushindani nikiambatanisha kipeperushi, ratiba na kile kikaratasi cha kalamu. Kama kuna mstaafu wa Arusha au Kilimanjaro ambaye amewahi kurudishiwa fedha zake na wakala wa namna hii, namwomba aandike hapa chini alipitia ofisi gani, alidaiwa vielelezo gani, na ilichukua muda gani.