Kosa gani la refa ndio baya kuliko yote? Njooni tumalize ubishi

Kuchele Damu (Mtwara mjini):

Wakuu habari za mida hii. Jana hapa kijiweni Magomeni kahawa imepoa kwenye vikombe watu wanabishana tu, mpaka muuza kahawa akasema basi atakayeshindwa ndio alipe vyote, hapo ndio ikawa balaa zaidi maana hakuna aliyekubali kushindwa. Swali lenyewe ni kosa gani la refa ndio baya kuliko yote tangu michezo ianze.

Mi nikaanza na la kwetu. Tarehe 5 Aprili 2024, Ijumaa, mfungo unaelekea ukingoni, tumetoka tarawehe moja kwa moja kibanda umiza. Yanga wako Pretoria na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mechi ya kwanza kwa Mkapa ilikuwa 0-0. Kipindi cha pili Aziz Ki anaachia shuti, linagonga mtambaa panya, ule mwamba wa juu wa goli, linadunda chini, sisi huku tumeshakumbatiana na watu hata hatuwajui. Refa anapeta. Na VAR ipo, yale marudio ya video ya kumsaidia refa, sio kwamba haikuwepo, ipo, na bado goli halikuwa goli! Ikaisha 0-0 tena, penati tukatolewa 3-2. Mpaka leo nikiona ile klipu nashika kichwa.

Sasa kuna jamaa akasema hiyo haifiki hata robo ya yaliyotokea duniani, mwingine kaleta Maradona, mwingine kaleta habari za ngumi. Mi msimamo wangu ni mmoja, refa kutoona ni ubinadamu, mtu ana filimbi moja na macho mawili, watu ishirini na mbili wanamzunguka, atakosa tu. Kinachonikera ni kosa lililoonekana palepale na likaachwa lipite. Leteni hoja, ila mashabiki wa Simba msiharibu uzi.

Mnyama wa Ruangwa:

Umesema tusije ndio maana nimekuja 😂 Utopolo nyie watu wa Yanga, mwaka wa ngapi huu mnalia na mtambaa panya? Ila kwa haki ya Mungu hata mimi niliona ule mpira umevuka, sema siku ile sikuweza kusema kwa sababu nilikuwa bize nashangilia.

Mzee wa Mikindani:

Vijana mmezaliwa juzi. Baba wa makosa yote ni goli la Maradona wa Argentina, tarehe 22 Juni 1986, uwanja wa Azteca, Mexico, robo fainali na Uingereza. Sisi bara hapa hata televisheni hatukuwa nayo, habari tulizipata redioni na mi niliamini kabisa ni kichwa, nikaja kuona picha zake miaka mingi baadae nikacheka peke yangu kama chizi. Mkono huo! Kipa Shilton na urefu wake wote anarukiwa na mtu mfupi vile.

Refa alikuwa Mtunisia, Ali Bennaceur. Yeye anasema hakuona vizuri akamwangalia mshika kibendera wake, Dochev wa Bulgaria, akamkuta anarudi zake kati, basi na yeye akaweka kati. Argentina wakashinda 2-1 na kombe wakabeba. Sasa sikilizeni utamu. Mwaka 2015 Maradona alikwenda Tunisia mpaka kwa yule mzee, akampa jezi yenye saini yake. Halafu 2022 mzee akauza mpira wa mechi ile kwa pauni milioni 2. Nionyesheni mwingine aliyelipwa hivyo kwa kukosea.

Kuchele Damu:

Shikamoo mzee. Hiyo nakubali ni maarufu kuliko zote lakini kwa kipimo changu haiingii, refa hakuona na kibendera hakusema, basi. Kulikuwa hakuna wa kumwambia rudi.

Kibendera Mstaafu (Lindi):

Mimi nimeshika kibendera ndondo za Lindi miaka mingi kwa hiyo nawatetea kidogo hawa watu. Ila kama mleta uzi anataka kosa lililoonekana na likaachwa, basi jibu lake ni siku moja tu, tarehe 27 Juni 2010, Kombe la Dunia Afrika Kusini.

Jioni, Bloemfontein, Ujerumani wanaongoza 2-1 dhidi ya Uingereza, dakika ya 38 Lampard wa Uingereza anapiga shuti linagonga mwamba wa juu linadunda ndani, ndani kabisa sio ya kutafuta. Kipa Neuer anaudaka anaendelea na mpira kama hakuna kitu, Larrionda refa wa Uruguay anapeta, mwisho wake Uingereza wakala 4-1. Hapo namtetea, kibendera ukiwa sawa na beki wa mwisho na shuti limepigwa kutoka mbali, miguu yako haijafika hata nusu ya njia ya kwenda kwenye mstari wa goli, unaambulia kuona vumbi tu.

Lakini usiku wake sasa, Johannesburg, Argentina na Mexico. Tevez wa Argentina anafunga kwa kichwa akiwa ofsaidi ya wazi, mbele yake hakuna mtu. Wakaonyesha marudio kwenye skrini kubwa ya uwanjani! Uwanja mzima umeona, wachezaji wa Mexico wanamvuta refa tazama juu, refa Rosetti wa Italia anamfuata kibendera wake wanateta pale, na nyuso zao zinasema kabisa kwamba wanajua. Goli likabaki goli, kwa sababu sheria ya wakati ule ilikuwa hairuhusu kuamua kwa picha. Ikaisha 3-1. Mi nikiwaza yule kibendera alivyosimama pale na skrini iko juu ya kichwa chake naona hata huruma, afadhali usione kabisa kuliko uone ukiwa umeshachelewa.

Blatter aliomba radhi kwa nchi zote mbili, na 2012 ndio wakapitisha teknolojia ya mstari wa goli.

Dogo wa Shangani:

Mjomba hiyo ya sheria hairuhusu mbona hata na VAR imetokea. Tarehe 30 Septemba 2023 Tottenham na Liverpool, Luis Díaz wa Liverpool anafunga, kibendera kanyoosha ofsaidi. Chumba cha VAR wakapima wakakuta sio ofsaidi, ila yule wa VAR akilini mwake anajua uwanjani limekubaliwa goli, akamwambia refa tumemaliza iko sawa. Refa akaelewa ofsaidi iko sawa 😂😂 mpira ukaanza. Sekunde chache wakashtuka, sauti zao zilitolewa baadae, unamsikia mtu anaambiwa simamisha mechi na yeye anajibu siwezi kufanya chochote. Liverpool wakafungwa 2-1 kwa goli la kujifunga dakika za majeruhi. Yani mashine ziko pale, makamera kila kona, wameponzwa na neno moja tu la sawa.

Binti Nachingwea:

Kaka zangu nyie kila kitu mpira. Huyo aliyeleta ngumi kijiweni msimpuuze. Olimpiki ya Seoul 1988, fainali, Roy Jones wa Marekani na Park Si-Hun wa Korea Kusini. Hesabu ya ngumi zilizofika ni 86 kwa 32, Jones ndio mwenye 86. Majaji watatu kati ya watano wakampa Mkorea, yuko kwao. Jones akapewa medali ya fedha, halafu haohao wakampa tuzo ya bondia bora wa mashindano, sasa bora aliyeshindwa ndio nini?

Baba yangu alikuwa anapenda sana ngumi na alikuwa anasema kwenye mpira unaweza kusema refa hakuona, kwenye ngumi majaji wamekaa chini ya kamba hapo wanarushiwa jasho. Ndio maana mi siiti kosa. Na nilichompendea Park, mwaka 2023 alisafiri mpaka Florida kwa Jones akampa ile medali ya dhahabu kwa mkono wake. Miaka 35 jamani.

Kuchele Damu:

Dada hapo umeniacha mdomo wazi. Ila hiyo si kosa ni wizi, tufungue uzi mwingine wa wizi tutajaza kurasa.

Njomba wa Tandahimba:

Hapa bado hajatajwa refa Sikazwe wa Zambia. Januari 2022, AFCON kule Cameroon, mji wa Limbe, Tunisia na Mali, Mali wanaongoza 1-0. Jamaa akapiga filimbi ya mwisho dakika ya 85! Akaambiwa akaendeleza, akaja kumaliza tena kabla hata ya 90 kutimia. Baadae wanaitwa warudi wamalizie, Tunisia wameshaingia kwenye maji ya barafu, wakagoma. Mwenyewe alikuja kusema joto lilimzidi.

Watu walimcheka sana ila mi sikucheka kwa sababu yalinikuta. Fainali ya ndondo kijijini kwetu, msimu wa korosho hela ipo mifukoni, zawadi mbuzi dume. Tunafungwa 1-0 lakini tumewabana hatari, tumepata kona, nimeshaweka mpira kwenye kibendera. Refa wetu saa hana na simu imezima chaji, yeye anaenda kwa kuangalia jua, akiona linagusa mikorosho anajua muda umeisha, maana yeye ndiye anaadhini magharibi na msikiti hauko mbali. Sasa likapita wingu zito, uwanja ukawa giza. Prrrriii! Mechi imekwisha.

Wenzetu wakabeba mbuzi juujuu. Haikupita hata dakika mbili wingu likasogea, jua hilo limetuwakia wote usoni tumesimama uwanjani tunaangaliana. Tukamwambia mzee jua lile, turudi tupige hata kona tu. Akatazama jua, akatutazama sisi, akaiweka filimbi kwenye mfuko wa shati akasema filimbi ikishalia imelia, akaenda zake kutia udhu. Alikaa kule msikitini akisubiri adhana kama nusu saa nzima.

Kuchele Damu:

😂😂😂 Njomba hii sasa ndio kipimo changu chenyewe. Ameona na ameacha. Kahawa ya jana nalipa mimi. Na yule mbuzi?

Njomba wa Tandahimba:

Alichinjwa usiku uleule. Mi mwenyewe nilikula supu, ningefanyaje.