Wageni 12, sigiri (jiko la mkaa) moja, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri. Jumamosi nina wageni kama 12 hapa nyumbani Entebbe, watoto wamefunga shule, na sitaki kushinda jikoni kama Krismasi iliyopita nilipopika luwombo (mchuzi wa kupikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba), nakuja kukaa watu ndo wanaaga. Safari hii nimewaza rolex (chapati ya kukunja na mayai ndani), kila mtu ajikunjie mwenyewe, na gonja (ndizi tamu) za kuchoma pembeni basi. Jana nimejaribu kupika chapati mapema nikazitia kwenye hotpoti zikiwa moto, za chini zikalowa jasho zikashikana, ukibandua inachanika. Na sigiri ninayo moja tu jamani.

Sasa, chapati za asubuhi nizitunzeje zibaki laini mpaka saa nane? Na badala ya mayai nijazie nini kisichotaka moto? Nyanya na kabichi ninazo.