Wacheza gemu za kuigiza: karakta mwenye uchawi, wanakijiji wanamchukuliaje?

Mwana_Ipagala
Wakuu habari za jumamosi. Nipo Dodoma hapa, tuna kikundi chetu tunacheza zile gemu za kuigiza za mezani, kila mtu na karakta wake, dadu ya pande 20, mimi ndo mwendeshaji. Zamani tulikuwa tunatumia zile dunia za kizungu, theluji, mazimwi, majumba ya mawe, safari hii nikasema natengeneza ya kwetu. Nchi kame, mibuyu, miamba mikubwa, ng'ombe, mtama, kuna mtemi, mvua inaanza mwezi wa 12 na isipoanza ndo basi tena, yaani ukitoka mjini ukielekea Bahi unaiona nchi yenyewe.

Sasa shida ni jamaa mmoja kachukua karakta wa uchawi. Anawasha moto kiganjani katikati ya mnada, anaongea na maiti, anapotea watu wanamwangalia hivi hivi, afu anaingia kilabuni na mama pombe anamuuliza tu nikupimie ya shilingi ngapi. Dada mmoja mezani akauliza, hivi hawa watu wako hawaogopi? Nikakosa jibu.

Njia ninazozijua ni mbili, ama kuna chuo cha wachawi wanavaa majoho wanaheshimika, ama wanasakwa wachomwe moto. Zote naona sio za huku. Ingekuwa kwetu kweli huyu mtu wangemfanyaje? Na naiwekaje kwenye gemu bila kuwahubiria watu.

kisasa_dm
Mkuu, moto wa kiganjani watu hawauogopi kivile. Wameuona, wanajua kawasha nani, ukiunguza zizi la mtu wazee wanakaa anatozwa mbuzi kesi inaisha. Kinachotisha ni kile ambacho hakuna aliyekiona. Ng'ombe wa jirani kafa usiku hana jeraha, mtoto kaamka na homa, duka la fulani linajaa na wewe ukifunga hesabu jioni hela haipo na bidhaa zimetoka, hapo ndo watu wanaanza kukumbuka jana alipita nani. Kwa hiyo mnadani watamshangilia, watakunywa naye, tena wengine watamlipia, ila wiki ijayo balaa lolote ni lake hata kama alikuwa kalala fofofo.

Mimi ningeweka dadu ya siri. Kila mkimaliza kucheza unarusha mwenyewe, ikidondoka 1 hadi 3 kuna jambo baya limetokea kijijini ambalo yeye HAHUSIKI kabisa, na kadiri wanaomjua wanavyozidi unapanua, 1 hadi 5, 1 hadi 8. Umaarufu unamgharimu.

Na usisahau usiku. Mchana wanamkwepa, saa 3 usiku anasikia hodi ya kunong'ona, mama pombe anataka zindiko la kilabu, kijana anataka hirizi ya mtihani, mkulima anataka kago la shamba, na mkuu wa walinzi aliyemtishia asubuhi ndo anakuja wa mwisho kajitanda kanga ya mkewe 😂

baba_upendo
Dadu, maiti, hirizi, jumamosi nzima. Vijana mnajiitia mapepo bure, zabibu zinataka kupogolewa huko.

Mwana_Ipagala
Shikamoo mzee. Zabibu tunapogoa asubuhi, maiti ni saa kumi jioni 🙏
kisasa hiyo dadu ya siri naichukua.

mvumi_kwetu
Huyo mtemi wako umemweka tu kama mfalme? Maana Ugogo ya zamani mtemi ndo alikuwa mtu wa mvua mwenyewe. Kigoda na mawe ya mvua vilikuwa kwake, vinarithiwa kwenye ukoo, na mvua ikichelewa anatuma watu wanaenda kwa mganga mbali huko kupiga ramli na kurudi na dawa. Kwa hiyo uchawi mkubwa kuliko wote nchini umekaa ikulu na kila mtu anajua na ni halali, kwa sababu faida yake ni ya wote. Karakta wako tatizo lake anafanya peke yake na haijulikani anamfanyia nani. Akijiweka chini ya mtemi anakuwa mtu wa heshima, akikataa ni mshindani, na mtemi ambaye mvua imemgomea anahitaji sana mtu wa kumwambia kila mtu kwamba huyu ndo kafunga mvua.

Ukitaka mwaka wa kuchezea hiyo kitu soma soma habari za Mtunya, njaa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920. Vita ya Wajerumani na Waingereza ilishabeba ng'ombe na nafaka na wanaume wa kwenda kubeba mizigo, mvua nayo ikakata. Kosa la wanajeshi, lakini mwanajeshi hakai kijijini, anayekaa kijijini ni jirani.

Kingine weka mtawala wa nje asiyeamini chochote. Wajerumani walimnyonga Kinjekitile, yule mganga wa Maji Maji, 1905 na maji yake hawakuyaamini hata tone, walichoogopa ni watu walioyaamini. Afu Mwingereza akaleta sheria ya uchawi ya 1928, ipo mpaka leo. Ukijifanya una nguvu za uchawi ni kosa, ukimtaja mwenzako kwamba mchawi nalo ni kosa, na mkuu wa wilaya anaweza kumwamuru mtuhumiwa ahamie sehemu nyingine awe anaripoti huko. Hebu fikiria hilo kwenye gemu, karani anakuja na daftari, haulizi kama kweli unaruka na ungo, anauliza tu unahamia lini.

Sehemu salama pia ziwepo. Kule Kondoa, Mungomi wa Kolo, ile miamba ya michoro iliyoingizwa urithi wa dunia 2006, watu wanapanda kufanya matambiko mpaka leo. Weka mwamba kama huo, uchawi unaofanyika pale hauhesabiwi kwenye ile dadu ya siri ya kisasa_dm.

Binti_Kongwa
Mimi naomba kimoja tu, usituletee bibi kizee mwenye macho mekundu ndo akawa mchawi wa mwisho wa kuuawa. Kule Usukumani mabibi wameuliwa kweli kwa macho hayo hayo, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi, mtu kapikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka yote. Ukimweka bibi mweke, ila aliyemtaja awe anataka shamba. Mara nyingi mjane mwenye shamba ndo anatajwa, mwenye mabinti tu bila mtoto wa kiume ndo kabisa.

Na usimfanye karakta wenu ndo anayeonewa peke yake, huyo ana donge la moto atajitetea. Mwanakijiji wa kawaida atajitetea na nini? Fanya hivi, kijiji kinachangishana hela kumleta mtoa uchawi kutoka nje, kama wale kamchape wa Kigoma na Rukwa, anafika na vijana wake na ngoma, anazunguka nyumba kwa nyumba, anafukua pembe kwenye ua wa yule mjane. Karakta wako ANAJUA pembe haina kitu, kwa sababu yeye ndo pekee pale mwenye uchawi wa kweli. Sasa aseme amejuaje.

kisasa_dm
Dada hiyo nzito, watu wametoka kazini wiki nzima wanataka kucheka kidogo

Binti_Kongwa
Kanga ya mkewe si umeshaiweka, wacheke hapo. Hapa wakae kimya dakika tano hawatakufa.

Mwana_Ipagala
Aisee nyie watu. Basi itakuwa hivi: mtemi mvua imemgomea mwaka wa pili, karani na daftari lake yupo njiani, na jumamosi ijayo mtoa uchawi anaingia na ngoma. Pembe nitaifukia mwenyewe ukumbini kabla hawajaanza kucheza. Jamaa mwenye uchawi sijamwambia kitu, na yule dada aliyeuliza swali nimempa acheze binti wa mjane.

Kimebaki kimoja, jamaa anataka uwezo wa chuma ulete, ule wa kuvuta hela za watu kwa uchawi. Nikimpa kundi lote litakuwa matajiri kwa siku mbili gemu ife.

kisasa_dm
Mpe. Ila hela anayovuta haichagui droo, inatoka kwa mwenye duka aliye karibu naye zaidi. Na kijijini kwenu duka ni moja.

mvumi_kwetu
Na liwe la shemeji yake mtemi.