Linda Linda ya The Blue Hearts: tupige ya 1987 au kava?

Nyuzi_Sita
Wakuu habari. Bendi yetu ya chuo huku Japani imepata nafasi kwenye tamasha la Novemba. Tumeshakubaliana tupige Linda Linda, wimbo wa kwanza wa The Blue Hearts, bendi ya punk ya Japani. Ubishi ni tuige ipi: yenyewe, au kava (marudio ya wengine), yaani ya Paranmaum, bendi ya kwenye filamu ya Linda Linda Linda, au ya Me First and the Gimme Gimmes, bendi ya punk ya Marekani?

BesiNzito
Mkuu, mko wangapi? Gitaa ngapi? Anaimba nani? Kiingilio kipo? Bila hayo tutakujibu nini?
Halafu single yao ya kwanza ni Hito ni Yasashiku, waliyoitoa wenyewe Februari 1987. Linda Linda ilifuata Mei, chini ya lebo ya Meldac.

Kanda_ya_Zamani
Kutoa wenyewe hakuhesabiki, acha hizo.

MamaDramu
Pigeni ya 1987. Sauti, gitaa moja, besi, dramu, basi. Hatari iko mwanzoni: mwimbaji anaimba taratibu, kisha bendi nzima inalipuka kwa kasi nyingine kabisa. Kuna bendi ilifia hapo hapo jukwaani. Dramu alihesabu nne kwa mwendo wa utangulizi, gitaa likaingia kwa kasi ya mazoezini. Besi akamfuata dramu, gitaa halikurudi nyuma, ubeti wa kwanza wote ukapotea. Walipokutana kwenye kiitikio dramu alikuwa ameshapandisha mno, mwimbaji hana pa kuvutia pumzi.
Dawa: dramu awe na metronomu ya taa (kifaa cha kuhesabia mapigo) mbele yake, imeshawekwa kasi ya pili. Aangalie mdomo wa mwimbaji, neno la mwisho likikatika ndipo agonge fimbo mara nne. Mazoezini anzeni mapigo 140 kwa dakika, mpande kumi kumi.

Nyuzi_Sita
Tuko wanne, gitaa moja, anaimba dada. Kiingilio hakuna. Tunafikiria ubeti mmoja tuuimbe Kiswahili.

Kanda_ya_Zamani
Anaimba dada? Basi Paranmaum, wale wa filamu ya 2005, mwigizaji Bae Doona akiwa mbele. Gimme Gimmes (2011) wana gitaa mbili na sauti za kuitikia, mkiwa wanne itapwaya. Kava ya mwimbaji Andrew W.K. ya 2008 hata msiiguse.

BesiNzito
Paranmaum ni waigizaji, ukimtoa Sekine Shiori kwenye besi.

Kanda_ya_Zamani
Na ndiyo maana inapigika na wanaoanza!

Wakili_Mnoko
Huo ubeti wa Kiswahili uangalieni. Kifungu cha 38 cha sheria ya hakimiliki ya Japani kinaruhusu kupiga bila kibali kama hakuna faida, kiingilio wala malipo kwa wapigaji. Hakigusi tafsiri, hiyo inahitaji ruhusa ya mwenye wimbo.

MamaDramu
Imbeni Kijapani. Gitaa linachomekwa wapi?

Nyuzi_Sita
Studio ina amplifaya mbili, Roland JC-120 na Marshall.

MamaDramu
Marshall. Gain (kitufe cha ukali wa sauti) katikati, utangulizi upunguze volume ya gitaa lenyewe badala ya kukanyaga pedali. JC-120 ukiipa distoshani inakwaruza masikio, labda ukate treble.

BesiNzito
Mashima, mpiga gitaa wa Blue Hearts, alipiga gitaa la Les Paul Junior lenye P-90, pickup (kinasa sauti cha nyuzi) ya koili moja. Humbucker, pickup ya koili mbili, haitoi ule ukali.

Kanda_ya_Zamani
P-90 chini ya taa za jukwaa inanguruma hadi nyuma ya ukumbi. Utangulizi ule mtupu utausikia?

BesiNzito
Ageuke pembeni kidogo, mngurumo unapungua. Si lazima atazame watu.

Nyuzi_Sita
Gitaa lenyewe ni la kuazima, sijui lina pickup gani. Naenda kuangalia.